Usukani wa Kushoto, Barabara ya Kushoto

Mwaka 1907 Mjerumani Paul Graetz aliwasha gari Dar es Salaam, akaikata Afrika hadi Swakopmund, pwani ya Atlantiki, alikofika 1909. Magari yalikuwa haba mno. Suala la kupishana halikumsumbua mtu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipomng'oa Mjerumani, Mwingereza alishika Tanganyika, na desturi yake ya kupita kushoto ikabaki. Rwanda na Burundi, zilizoangukia kwa Wabelgiji, zikapita kulia.

Ndiyo maana gari linalowafaa watu wa Kwakoa na Upare wote ni lile la mtumba kutoka Japani: huko nako hupita kushoto, usukani uko kulia.

La usukani wa kushoto lina kazi yake. Likiwa nyuma ya lori kwenye barabara kuu ya Same, dereva haoni mbele mpaka atoe pua nzima ya gari. Aliyeketi kulia kwake ndiye humwambia pita au ngoja. Taa za gari hilo humchoma machoni anayekuja, na abiria wa mbele hushukia katikati ya barabara.

Anayeagiza gari kutoka Ujerumani au Dubai aulize kwanza usukani uko upande gani.