Herufi za Ujiji katika Waya wa Simu

Katika karne ya 19 habari iliyotoka Ujiji kwenda pwani ilikwenda kwa miguu ya wapagazi. Henry Stanley alimkuta David Livingstone mjini humo mwishoni mwa mwaka 1871, naye hakurudi Bagamoyo mpaka Mei 1872. Mwaka 1879 waya uliolazwa chini ya bahari uliunganisha Unguja na Aden, na mwaka 1890 waya mwingine ukafika Bagamoyo na Dar es Salaam; lakini Ziwa Tanganyika lilibaki mbali. Ajabu ni kwamba simu haikuja Ujiji kwa njia ya misafara, kutoka mashariki. Ilitoka kusini. Cecil Rhodes, aliyetamani waya mmoja kutoka Cape hata Cairo, alianzisha kampuni ya simu mwaka 1892, na Machi 1899 akaenda Berlin kumwomba Kaiser Wilhelm II ruhusa ya kupitisha nguzo zake katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Ruhusa akapata. Yeye alikufa mwaka 1902. Nguzo zake zilifika Ujiji katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne, zikakoma hapo. Cairo haikuonekana.

Mengi yameandikwa juu ya nguzo hizo na siasa zake. Machache yameandikwa juu ya lugha iliyopita ndani ya waya. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakiandika barua zao kwa herufi za Kiarabu. Waya wa Rhodes ulikuja na herufi za Kirumi, tena si herufi bali nukta na vistari. Maana mashine ya simu haikujua Kiingereza wala Kiswahili. Ilijua mambo mawili tu, mkondo wa umeme kupita na mkondo kukatika, na kila mwenye neno ilimpasa alivunje neno lake vipande hivyo.

Kipimo cha lugha hiyo ni nukta. Kistari ni sawa na nukta tatu. Pengo ndani ya herufi ni nukta moja, na pengo baina ya herufi ni tatu. Inasimuliwa kwamba Alfred Vail, mwenziwe Samuel Morse, alikwenda katika kiwanda cha kuchapa magazeti akahesabu herufi za risasi visandukuni, ili herufi inayotumika sana ipewe alama fupi. Hata Friedrich Gerke wa Hamburg alipotengeneza upya alfabeti hiyo mwaka 1848, E ilibaki nukta moja. Ilikuwa hekima kubwa, lakini hekima ya masikio ya Ulaya. Katika Kiswahili mfalme wa herufi ni A, nayo yataka vipimo 5, mara tano ya E. K, isiyokosekana mahali, yataka 9. Y na J zataka 13 kila moja, sawasawa na Q ambayo Kiswahili hakina haja nayo. Basi neno dogo “ya” lilikula vipimo 21, hali neno “the” la Kiingereza, lenye herufi tatu, lilikula 17. Na jina lenyewe la Ujiji, kwa bahati mbaya, lina J mbili: katika vipimo vyake 51, J hizo peke yake zachukua 26.

Haifai, hata hivyo, kumlilia Mswahili kupita kiasi. Taabu ya nukta ilikuwa ya karani. Mpeleka simu alilipa kwa neno, na hapo Kiswahili kilikuwa na hila yake. Kanuni za kimataifa za mwanzo wa karne ya 20 zilihesabu neno la lugha ya wazi lisilozidi herufi 15 kuwa neno moja. “Hawakutuandikia” lina herufi 15 barabara: mtendaji, ukanushi, wakati, mtendewa na kitendo, vyote kwa bei ya neno moja, ambapo Mwingereza angelipia maneno sita. Lakini aliyeandika “tutakapowaandikia” alivuka mpaka kwa herufi mbili, akatozwa maneno mawili.

Mfaransa Émile Baudot ndiye aliyezisawazisha herufi, mwaka 1874, kwa kuipa kila moja alama tano, wala si zaidi wala si pungufu. Hapo A ikawa ndugu ya E. Alama zake zikawa matundu matano katika utepe wa karatasi, na utepe wa namna hiyo ndio uliolishwa EDSAC, kompyuta iliyoanza kazi Cambridge Mei 1949. Amri zake ziliandikwa kwa herufi moja moja: A kuongeza, S kutoa, T kuweka jibu ghalani na kulifuta palipofanyiwa hesabu. Aliyetaka jibu lisifutwe aliandika U. Aliyesahau tofauti hiyo alipata sifuri asiyoitarajia.

Hata usawa wa Baudot ulikuwa na upungufu. Matundu matano hutoa alama 32 tu, nazo hazikutosha. Kwa hiyo tarakimu na alama za uandishi ziliwekwa katika safu ya pili, na mwandishi alibonyeza alama moja ya kuingia huko na nyingine ya kurudi. Kwa lugha nyingi hilo lilikuwa jambo dogo. Lakini kibainishi cha Kiswahili kilikaa safu hiyo ya pili, hivyo karani aliyeandika “ng'ombe”, neno la herufi sita na kibainishi kimoja, alitoboa utepe mara tisa.