Ukuta wa Bi Harusi: Kutoka Zidaka za Lamu Hadi Sebule ya Mbulumbulu



Binti wa dada yangu alinitumia picha kwa simu zikiwa zimebaki wiki sita kabla ya ndoa yake. Mchumba wake ni bwana mifugo, na kazi imempeleka Mbulumbulu, huko juu Karatu, mbali na bahari kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu aliyewahi kuolewa. Picha ilikuwa ya sebule: ukuta uliopigwa lipu na rangi nyeupe, dirisha moja, na msumari mmoja ulioachwa na mpangaji aliyetangulia. Chini yake ameandika: "Mama mdogo, hapa ndipo nitakapopokea wageni?"

Mama yake alipoiona akaja juu. Akataka achukue mkopo wa kikundi anunue mabamba ya plastiki ya kubandika ukutani, saa kubwa ya dhahabu dhahabu, fremu tatu za aya na pazia za tabaka mbili, vyote vipande boti hadi Dar es Salaam, kisha vipakiwe basi hadi Karatu. "Mwanangu hatakwenda kukaa kwenye ukuta mtupu kama hana kwao," alisema.

Neno hilo la "kama hana kwao" lilinikaa moyoni. Kwa nini kwetu ukuta unatoa ushahidi kwamba bi harusi ana kwao? Nilimwomba dada yangu anipe siku chache kabla hajaweka sahihi ya mkopo, nikarudi kwenye historia. Leo nawaletea niliyoyakuta.

Ukuta uliokuwa mali ya binti

Tuanze Lamu, kwenye nyumba za mawe za karne ya 18. Ukiingia unapita daka, unafika kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kutoka hapo vyumba vinafuatana, kila kimoja kimepanda kidogo kuliko kilichotangulia: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali. Upana wa chumba ni karibu mita 3 tu. Basi mtu akikaa mbele, jicho lake linakwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mwisho.

Ukuta huo ndio uliopambwa. Mafundi waliujaza zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, vimezungukwa na nakshi zilizochongwa. Humo zilipangwa bakuli na sahani za kutoka China na nchi nyingine za ng'ambo, vyombo vya marashi, na vitabu. Wageni wengi hudhani zidaka zilikuwa kabati tu. Hapana. Bi harusi alipokuwa akionyeshwa kwa wanawake waliokuja kumtazama, alikalishwa huko ndani, na zidaka nyuma yake. Ukuta ulikuwa unasema: huyu ana watu, watu wake wana bahari, na bahari imewaletea haya.

Na chumba hicho hicho ndicho alichojifungulia, na ndicho alichooshewa maiti. Ukuta uliomwona akiwa bi harusi ndio uliomwaga.

Kuna jambo jingine la msingi. Kwa waungwana wa Lamu, binti alipoolewa hakuhamishwa mbali. Baba alimjengea nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya nyumba ya wazee, na mara nyingine nyumba mbili za ndugu ziliunganishwa kwa wikio, kidaraja kinachopita juu ya njia. Mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo ukuta ule ulikuwa wake. Kumpambia binti ukuta kulikuwa kumpambia mali asiyoweza kuondolewa.

Wapo pia walioamini kuwa bakuli ukutani hulivuta jicho la hasidi, likampata bakuli badala ya bi harusi. Sisi tunajua kinga ni ya Allah, na tumefundishwa Ayatul Kursiy na sura mbili za mwisho wa Msahafu. Lakini hofu ya bibi zetu tunaielewa. Siku ya harusi macho ni mengi.

Chokaa ya nani?

Tusiipambe historia kuliko tulivyoupamba ukuta. Mawe yale ya matumbawe yalichimbwa, yakabebwa, yakachomwa kuwa chokaa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Nyumba ya mawe ilikuwa alama ya uungwana. Mwanamke aliyebeba mawe yale alilala kwenye nyumba ya udongo na makuti, na binti yake aliolewa bila kidaka hata kimoja. Kila tukisema "ukuta mtupu ni aibu", tujue neno hilo lilianza kama mpaka kati ya watu na watu.

Binti wa Sultani aliyeacha kuta zake

Huku kwetu Unguja tuna shahidi wa karne ya 19, Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake ameeleza vyumba vya wakubwa: mashubaka marefu ukutani yenye rafu za mbao, vyombo vya kioo na vya kaure vilivyopangwa kwa mashindano, vioo vikubwa na saa. Ukisoma unaona mashindano ya fremu na saa hayakuanzia kwetu na simu zetu.

Lakini kumbuka aliandika hayo akiwa wapi. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866 akaishia Ujerumani, mjane mwenye watoto. Vioo na kaure vilibaki Unguja. Alichokwenda nacho ni kumbukumbu ya namna vilivyopangwa. Akili yangu ilirudi kwa mwanetu: naye anaondoka kisiwani, ingawa kwa ndoa ya halali na dua za wazee. Ukuta haupandi boti.

Pazia la Bi Aisha

Dada yangu aliponisikia akasema, "Lakini dini inapenda uzuri." Ndiyo, inapenda. Hebu basi tukumbuke kisa kilichomo katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) alikuwa safarini vitani. Mama yetu Aisha (r.a.) akachukua kitambaa akakitundika mlangoni. Mtume aliporudi na kukiona, uso wake ulionyesha hakupendezwa. Akakivuta mpaka kikachanika, akaeleza kuwa Allah hakutuamrisha kuvisha nguo mawe na udongo.

Wengi huishia hapo. Kisa kinaendelea: Bi Aisha hakukitupa kitambaa. Alikikata akatengeneza mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo. Uzuri ulitoka ukutani ukaenda mahali panapomfaa mtu kuegemea.

Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomwa sana pwani yetu ya Kishafii, ameeleza kuwa kuvisha kuta namna hiyo ni karaha, si haramu. Kwa hiyo simtishi mtu kwa pazia lake. Picha za viumbe wenye roho zina maelezo yake, muulizeni sheikh wenu. Nasema tu kwamba swali la ukuta wa sebule liliingia hata nyumba ya Mtume, na jibu lilikuwa kupunguza, kisha kutumia vizuri kilichopo.

Pia hatukukatazwa ukuta wenye neno. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la kibla yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Karibu miaka 900 baba na mama zetu wamesali mbele ya ukuta huo.

Mbulumbulu: pambo lililotembea

Sasa tupande juu. Mbulumbulu iko kwenye nyanda za juu, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na msitu wa Ngorongoro upo jirani. Kuna baridi, kuna ngano, mahindi na maharage. Wenyeji wengi ni Wairaqw, ambao sisi tumezoea kuwaita Wambulu. Walisambaa kuja kaskazini kutoka nchi yao ya zamani huko Mbulu.

Nyumba yao ya asili ilikuwa tembe: fupi, paa bapa lililofunikwa udongo, mara nyingi imechimbiwa kwenye mteremko mpaka kutoka juu hungeijua kama ni nyumba au kilima. Sababu ilikuwa usalama. Wamasai walipokuja kuteka ng'ombe, nyumba isiyoonekana ilikuwa nyumba salama. Ndani mlilala watu na mifugo, na moto ulitoa moshi. Nani angetundika sahani mle? Ukuta wa tembe kazi yake ilikuwa kuficha. Wa Lamu kazi yake ilikuwa kuonyesha.

Je, bi harusi wa Kiiraqw hakuwa na pambo? Alikuwa nalo, na la kutoa machozi. Lilikuwa sketi ya ngozi iliyoshonwa shanga za kioo kwa mkono, mistari na duara, kazi ya siku nyingi na ya subira. Sketi hizo leo zimehifadhiwa hata kwenye makumbusho za ng'ambo. Fikiria kwa nini pambo lilikaa kwenye sketi. Huko binti ndiye anayehama kwenda kwa watu wa mume. Ukuta atakaoukuta si wake, basi uzuri wake alikwenda nao mwilini.

Na shanga zile za kioo hazikutengenezwa Karatu. Zilitoka ng'ambo, zikashushwa kwenye bandari za pwani yetu, zikaingia bara kutoka mkono hadi mkono. Majahazi yaliyowaletea bibi zetu vyombo vya zidaka yalileta pia shanga. Kumbe bi harusi wa kisiwani na bi harusi wa Mbulumbulu walipambwa na bahari moja.

Ukuta mweupe wa sebule ulifika huko baadaye. Baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ilianzisha makazi ya wakulima wa ngano Upper Kitete. Miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji. Matofali na bati vikaenea, na tembe zikapungua. Kwa hiyo ule ukuta mtupu uliomliza mwanetu ni mgeni Mbulumbulu kama yeye mwenyewe.

Tulichoamua

Nilimweleza dada yangu haya yote tukiwa tunachambua mchele. Nikamwambia: bibi zetu walipamba ukuta kwa sababu binti alibaki. Binti yako anakwenda, na kesho serikali inaweza kumhamishia mume wake wilaya nyingine. Mabamba ya plastiki yatabaki na mwenye nyumba, mkopo utabaki na wewe. Tumpe pambo la kutembea.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Watu wa kule watasemaje?" Nikamwambia watu wa kule bibi zao walitembea na pambo lao. Wataelewa kuliko majirani zetu.

Hakuchukua mkopo. Mwanetu aliondoka na vitu hivi, na nawaachia orodha yake kwa mabibi harusi wanaojiandaa:

- Ukuta mmoja, si minne. Tuliuchagua unaotazamana na mlango, kama ukuta wa ndani wa Lamu. Mitatu iliyobaki imeachwa ipumue.
- Kidaka cha mbao. Fundi seremala wa Karatu alimtengenezea rafu ya vishubaka sita. Inafungwa kwa skrubu, inafunguliwa siku ya kuhama.
- Sahani moja ya bibi. Moja tu, ya maua ya buluu, iliyofungwa katikati ya kanga kwenye sanduku. Sahani yenye habari ya mtu inashinda seti nzima ya dukani.
- Aya moja, iliyoandikwa vizuri, usawa wa macho, mahali safi, apate kuisoma na si kuitazama tu.
- Kitambaa kizuri kikae chini. Kile tulichotaka kukitundika tulikishona foronya za mito, kwa kumfuata Bi Aisha.
- Kishubaka kimoja kitupu, kwa ajili ya atakachopewa huko.

Hicho cha mwisho ndicho kilichonifurahisha. Wiki ya pili baada ya kufika, bibi mmoja jirani aliingia kumpa pole ya baridi, akamwona na mito yake na sahani yake. Kesho yake alirudi na kibuyu kidogo cha maziwa, kikavu, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Kimekaa kwenye kishubaka kitupu. Mwanetu amenitumia picha nyingine, na safari hii hakuuliza swali.

Mama yake bado anasema saa ya dhahabu ingependeza. Namwachia, mama ni mama.

Ya Rabbi, wajaalie mabibi harusi wetu nyumba zenye utulivu kabla ya nyumba zenye nakshi, na uwape wageni wema kwenye sebule zao popote utakapowapeleka. Aamin.