Maua na Jina

Zawadi ya tarizi huchaguliwa kwa uzuri wa maua yake; lakini historia yatufunza kwamba maua peke yake hayatoshi. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kimehifadhiwa kitambaa cha kitani alichokitarizi Mwingereza Jane Bostocke mwaka 1598. Kina maua na wanyama kwa nyuzi za hariri, na miongoni mwa mishono yake umo ule wa msalaba. Juu ya hayo Jane alitia herufi: jina la mtoto Alice Lee na siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 23 Novemba, 1596. Maua ya namna ile walitarizi wengi. Alice twamkumbuka kwa herufi zile. Basi amtariziaye mwenziwe maua, asikate uzi kabla ya kutia jina na tarehe.