Mashine za Gemu Moshi na Elimu ya Fundi Redio

Anayetaka kuandika historia ya mashine za gemu mjini Moshi akianzia dukani atapotea mapema, kwa sababu kwa miaka mingi duka lenyewe halikuwapo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na runinga, na Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994, vilipoanza vituo vya kwanza, ikiwemo ITV ya Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame. Famicom ya Nintendo ilikuwa imetoka Japani tangu Julai 1983, na PlayStation ya kwanza ilitoka Desemba 1994, mwaka uleule wa ITV. Vizazi viwili vya mashine vikaikuta Bara kwa mkupuo mmoja, vikipitia njia zilezile za mitumba zilizofunguka baada ya serikali kulegeza masharti ya biashara mwaka 1984. Mashine nyingi zilifika zikiwa zimeshatumika ng'ambo, zikahitaji mkono wa fundi mapema. Mkono huo ulikuwapo tayari. Hoja yangu ni kwamba ujuzi wa kuzitengeneza mashine za gemu Moshi ni mkubwa kiumri kuliko mashine zenyewe, nao ulikomaa kwenye meza ya fundi redio.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye historia ya redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na kahawa iliyouzwa kupitia KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa 1933, iliwapa wakulima wa mlimani fedha taslimu ambazo vijiji vingi vya nchi hii havikuwa nazo. Baada ya uhuru, kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilitoa redio na betri za National, na ilipofika 1973 serikali iliweza kuendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa kuwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Hapo redio ilikuwa chombo cha lazima, na chombo cha lazima kikiharibika hakitupwi. Kisha ikaja miaka migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa, Holili ikatengwa na Taveta hadi 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya fedha za kigeni. Kipuri kipya kikawa adimu. Fundi aliyedumu katika miaka ile ni yule aliyeweza kuondoa transista kwenye redio iliyokufa, kuipima kwa mita, na kuifufulia redio nyingine. Kwa maoni yangu, uhaba huo ulifundisha mambo ambayo darasa peke yake lisingefundisha, hata katika mji uliokuwa na shule ya ufundi tangu miaka ya 1950.

Tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu, maana hapa ndipo hoja inaposimama au kuanguka. Chukua mashine iliyoundwa kwa soko la Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100. Ikichomekwa Moshi kwenye soketi ya volti 230 bila transfoma ya kushusha umeme, diodi hutoa umeme wenye kilele cha volti 325 hivi, ilhali kapasita kubwa ya upande wa kuingilia kwa kawaida imeundwa kuhimili volti 200. Kapasita huvimba au kupasuka, fyuzi hukatika, mashine inanyamaza. Aliyezoea redio haanzi na bodi kuu. Anainusa, anatazama vichwa vya kapasita, anapima fyuzi, kisha anauliza kama volti 5 zinafika kwenye bodi. Mara nyingi bodi iko salama, kwa kuwa fyuzi ilitangulia kufa. Au mashine inawaka lakini picha ni ya kijivu: mashine inatoa rangi kwa mfumo wa NTSC na runinga inasoma PAL pekee, kwa hiyo hakuna kilichoharibika na anayefungua bodi anajitafutia hasara. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Famicom halisi, ambayo ilitoa picha kwa njia ya antena tu, kwenye megahezi 91.25 au 97.25. Runinga ya kwetu haina chaneli hapo. Fundi redio anazijua namba hizo mara moja, maana ni masafa ya FM, na anaelewa kwamba dawa ni kuichukua picha kabla haijapandishwa kwenye mawimbi na kuipeleka moja kwa moja kwenye tundu la AV. Kinachohitajika ni transista ndogo moja, rezista chache na kapasita. Vyote vinapatikana ndani ya redio mbovu.

Wapo wanaopenda kuuvuta ujuzi huu nyuma zaidi, hadi kwa wahunzi wa Mamba waliofua mikuki na majembe kwa chuma kilichotoka Ugweno upande wa Pare. Ni wazo la kuvutia, na fahari ya wahunzi wale ni ya haki, lakini sioni kamba inayounganisha. Uhunzi ulishikwa na koo fulani na kurithishwa ndani ya ukoo. Ufundi wa redio ulikua mjini, mahali ambapo reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na mlango wake ulikuwa wazi kwa kijana yeyote aliyepata mita, risasi na mwalimu wa kumvumilia. Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kwamba redio na mashine ya gemu ni vitu viwili tofauti: redio ina njia ya mawimbi unayoweza kuifuata hatua kwa hatua, wakati gemu ina chipu za siri, na zile mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom zilifunikwa chipu zake kwa tone la gundi nyeusi lisilofunguka. Kwenye chipu nakubali kabisa. Ikifa, fundi redio hana la kufanya. Ila magonjwa mengi hayaanzii huko. Yanaanzia kwenye vitu vinavyopata moto, vinavyosuguana au vinavyokauka: regyuleta ya volti 5, miguu ya kaseti iliyoshika kutu, waya wa pedi, kapasita, lenzi. Humo, elimu ya redio inatosha.

Pingamizi la mwisho linaniuma kwa sababu lina ukweli: kwamba mafundi wengi hubahatisha. PlayStation 2, iliyotoka 2000 na kusimamishwa kuzalishwa 2013, inaonyesha jambo hili vizuri. Diski ikigoma kusomwa, fundi mvivu huzungusha kile kirezista kidogo cha kurekebisha nguvu ya leza. Diski inasoma, mteja analipa, na baada ya muda lenzi inakufa moja kwa moja kwa kuchoshwa. Mwenye adabu ya kazi hufuta lenzi kwanza, husafisha reli zake na kuzitia grisi, huangalia kama plastiki imelika kama ilivyokuwa kwa PlayStation za mwanzo, na kirezista hukigusa mwisho, kidogo sana, akimweleza mteja gharama yake. Tofauti ya hao wawili ni subira ya kufuata ugonjwa kutoka kwenye umeme hadi kwenye picha, utaratibu uleule wa redio. Kubahatisha kumeongezeka kadiri mafunzo ya mezani yalivyopungua na simu za mkononi zilivyochukua vijana.

Wazee walioanza na redio za National sasa wanastaafu, na wafanyabiashara wa vyuma chakavu wananunua bodi kwa kilo. Vyuo vya VETA, ambavyo sheria yake ni ya 1994, vingeweza kuwaita wazee hao kufundisha angalau utaratibu wa kupima. Nawe kama umerithi meza ya fundi redio, iwe Majengo, Kiboriloni au Marangu, usiuze daftari lake na boksi lake la vipuri kabla mtu anayeijua kazi hajavipitia.