Programu-wavuti sakinifu, si "endelevu"

Mwaka 2015 mbunifu Frances Berriman na mhandisi wa Chrome, Alex Russell, walikuwa wakitafuta jina la kitu kilichokwisha kuanza kuonekana simuni. Ni ukurasa wa wavuti unaofunguka kwenye kivinjari kama kurasa nyingine zote, ila mtumiaji akitaka, unaweka ikoni yake kwenye skrini ya simu, unafunguka katika dirisha lake wenyewe bila upau wa anwani, unatuma arifa, na unaweza kuendelea kufanya kazi mtandao ukikatika. Wakauita "Progressive Web App". Jina likashika, na kifupi chake, PWA, leo kinatajwa hata na wasioweza kukifumbua. Mfasiri mwenye haraka atachukua neno la kwanza, alipe kisawe cha kamusi, aandike "programu endelevu ya wavuti". Naona tafsiri hiyo inapotosha, na napendekeza tuseme programu-wavuti sakinifu.

Msomaji wa Kiswahili amelizoea neno "endelevu" katika maendeleo endelevu, kilimo endelevu na uvuvi endelevu: jambo linalodumu bila kumaliza kile kinacholitegemeza. Hayo siyo waliyoyakusudia Berriman na Russell. Neno lao linatokana na fikra waliyoieneza Steve Champeon na Nick Finck mwaka 2003, kwamba ujenge kwanza ukurasa unaosomeka kwenye kifaa duni kabisa, kisha uongeze madoido kadiri kifaa kinavyomudu. Mtu angeweza basi kupendekeza "ongezeki" au neno jingine la namna hiyo. Lakini Berriman mwenyewe alikuja kueleza kwamba jina halikuwa la waunda programu. Lilikuwa la mabosi wao, wawekezaji na watu wa masoko. Kama neno lilichaguliwa ili limvutie bosi anayesoma Kiingereza, Kiswahili hakina deni la kulibeba.

Tutazame basi kitu chenyewe. Wazo la ukurasa unaofanana na programu ya simu si geni. Mwaka 2007 Steve Jobs aliwaambia waunda programu kwamba iPhone haihitaji zaidi ya kurasa za kivinjari cha Safari zilizoundwa vizuri; mwaka mmoja baadaye, Julai 2008, Apple ikafungua duka lake la programu, na wazo lile likafifia. Kurasa za wakati ule ziliweza kufanana na programu, lakini hazikuwa na makao simuni. Zilikuja kama mgeni, mtandao ukikatika zikaondoka. Tofauti iliyokuja baadaye ni vitu viwili. Kimoja ni faili dogo la maelezo linaloiambia simu jina la programu, ikoni yake na ukurasa wa kuanzia. Cha pili ni msimbo unaokaa nyuma ya pazia, kati ya ukurasa na mtandao, ukihifadhi nakala za kurasa na kuamua lini uzitoe hizo badala ya kwenda kuuliza seva. Msimbo huo unadai muunganisho salama wa HTTPS. Kwa vitu hivyo programu ya wavuti inapata makao, na kitenzi chake tunacho tayari: sakini, yaani kukaa mahali. Kina mzizi mmoja na maskani, na ndicho kilichozaa sakinisha, tunalolitumia kila siku kwa programu za kompyuta na simu.

Ushahidi mzito zaidi kwamba makao ndiyo kiini ulitoka Ulaya. Mwanzoni mwa 2024, sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya kidijitali ilipokaribia kuanza kuibana Apple, kampuni hiyo ilisema kwamba toleo la iOS 17.4 la mfumo wa iPhone lingeziondolea programu hizi hadhi yao katika nchi za Umoja huo. Ikoni zingebaki, lakini ukizigusa zingefungua ukurasa wa kawaida ndani ya kivinjari, bila dirisha lao, bila hifadhi yao, bila arifa. Kelele zilikuwa nyingi, na tarehe 1 Machi Apple ikarudi nyuma. Hakuna aliyekuwa amezuia kurasa zenyewe zisifunguke, wala zisijipange kulingana na uwezo wa kifaa. Kilichotaka kuondolewa ni makao, na watu walilalamika kana kwamba kitu kizima kimeuawa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki makao hayo yana bei. Twitter ilipotoa toleo lake la wavuti jepesi mwaka 2017, kulipakia mara ya kwanza kulihitaji takriban kilobaiti 600, ilhali programu yake ya Android ilikuwa ya megabaiti 23.5. Anayenunua bando la siku, na ambaye simu yake inamlalamikia kila mara kwamba nafasi imejaa, haelezwi chochote na neno "endelevu". "Sakinifu" linamwambia kwamba ukurasa huu anaweza kuuweka simuni bila kupitia dukani.

Kuna atakayesema kwamba programu za dukani nazo husakinishwa, hivyo kivumishi hiki hakitofautishi kitu. Kingekuwa hakitofautishi kama kingesimama peke yake. Lakini kinasifu "programu-wavuti", na ya kawaida ya aina hiyo haisakini popote. (Nasema "wavuti" kwa makusudi: tovuti ni moja, na "programu ya tovuti" humfanya mtu afikirie mtambo unaoendesha tovuti fulani.) Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba "sakinifu" linaacha nje sifa ya kufanya kazi bila mtandao. Ni kweli. Lakini Chrome yenyewe, ambayo hapo awali ilidai sifa hiyo kabla ya kukubali kusakinisha, imeshaliondoa sharti hilo, na kinachobaki mpakani ni kusakinika. Jina "barua pepe" nalo halitaji seva wala anwani, na hakuna aliyepotea kwa sababu hiyo.

Wengine watasema PWA inatosha, au "app" tu. Mazungumzoni inatosha, na sioni haja ya kumsahihisha mtu kijiweni. Kwenye zabuni haitoshi. Taasisi ikiagiza "app" bila kufafanua, mmoja ataleta programu ya Android peke yake, mwingine ataleta ukurasa usio na makao, na wote wawili watadai wametimiza mkataba.

Istilahi hii ina ukingo wake. Firefox ya kompyuta iliacha kazi ya kuzisakinisha mwaka 2021, kwa hiyo programu ileile ilikuwa sakinifu kwenye Chrome na programu-wavuti tupu huko. Na zile za KaiOS, mfumo wa simu za vitufe kama Smart Kitochi ya Vodacom Tanzania, huandikwa kwa lugha za wavuti lakini nyingi hufungashwa na kuchukuliwa dukani. Hizo ningeziita programu za dukani, hata kama msimbo wake ni wa wavuti mstari kwa mstari.