Kwa nini ‘meno ya msumeno’ hutofautiana kati ya injini za gemu

Katika vibanda vya gemu jijini Mwanza, michezo miwili inaweza kuchezwa kwenye mashine ileile na runinga ileile, mmoja ukaonyesha kingo laini na mwingine kingo zilizochongoka kama meno ya msumeno. Wengi huilaumu runinga na kufikiria kununua kubwa zaidi. Hata hivyo, mara nyingi chanzo ni injini, yaani programu inayochora mchezo.

Kioo cha runinga kimegawanywa katika miraba midogo iitwayo pikseli. Runinga ya HD kamili ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla 2,073,600. Kila pikseli hubeba rangi moja tu.

Mfano ni Jiwe la Bismarck, lililo ndani ya Ziwa Victoria kando ya jiji, wilayani Nyamagana. Likichorwa katika mchezo, ukingo wake wa mshazari hukatiza pikseli nyingi. Injini huuliza kila pikseli swali moja: je, kitovu chako kimeangukia jiwe au anga? Kwa kuwa jibu halina nusu, ukingo hugeuka ngazi.

Uamuzi wa lini mwanga ukokotolewe

Tiba ya asili ni kuuliza swali hilo mara nne au zaidi kwa kila pikseli, kisha kuchanganya majibu. Njia iitwayo MSAA hupunguza gharama: umbo hupimwa mara kadhaa, lakini rangi ya kila umbo hukokotolewa mara moja tu katika pikseli. Huzifaa injini zinazokokotoa mwanga papo hapo kila kitu kinapochorwa.

Injini nyingine huhifadhi kwanza rangi, umbali na uelekeo wa kila uso, na kukokotoa mwanga baadaye. Utaratibu huo hufaa penye taa nyingi, kama mtaa wa usiku. Lakini kutumia MSAA ya vipimo vinne hapo hulazimu kuhifadhi taarifa hizo zote mara nne, na kumbukumbu ya mashine huelemewa.

Ndiyo maana injini za aina hiyo hutumia njia nyingine. FXAA, iliyobuniwa na Timothy Lottes akiwa NVIDIA, hutafuta ngazi katika picha iliyokwisha kuchorwa na kuzilainisha. Ni ya haraka, ila huweza kufifisha picha.

TAA, iliyopata umaarufu katika Unreal Engine 4 iliyotoka mwaka 2014, huchanganya picha ya sasa na zilizotangulia. Kingo hulainika vizuri, lakini mpira uendao kasi unaweza kuacha mkia hafifu nyuma yake.

MSAA nayo ina upungufu. Hulainisha kingo za maumbo tu. Wavu wa goli uliochorwa kama picha yenye matundu huweza kubaki na meno.

Mashine nayo huchangia

PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2000, ilikuwa na kumbukumbu ya picha ya megabaiti 4 tu. Nafasi ya kulainisha kingo ilikuwa finyu, na baadhi ya michezo yake ya mwanzo, ukiwemo Ridge Racer V, ilijulikana kwa meno hayo.

Kinyume chake, simu nyingi za kisasa huchora picha kwa vipande vidogo ndani ya chipu yenyewe, hivyo MSAA huwa nafuu kwao.

Kwa mnunuzi, hatua ya kwanza ni kufungua mipangilio ya mchezo na kujaribu njia zilizopo. Kompyuta hutoa uchaguzi mpana. Katika mashine za runinga, mara nyingi mtengenezaji huwa ameshaamua. Runinga kubwa yenye idadi ileile ya pikseli haiondoi meno hayo, bali huyakuza.