Waya mwembamba wa antena: Jinsi ya kuchagua konekta na kuikrimpu isichomoke

GPS ya gari haioni setilaiti. Redio ya upepo inakwaruza kila gari likipita kwenye shimo. Mtu ananunua antena mpya, anafunga, na hali inabaki ileile.

Mara nyingi antena haina kosa. Ishu ipo kwenye kile kichuma kidogo mwishoni mwa waya: konekta.

Konekta za kukrimpu ni zile zinazobanwa kwa koleo maalumu. Zikifungwa vizuri hudumu miaka. Zikifungwa kwa plaizi ya kawaida, zinafanya kazi siku ya kwanza, kisha zinaanza kusumbua zikivutwa kidogo au mvua ikinyesha.

Haya ndiyo mambo ya kujua kabla ya kununua na kabla ya kukata waya.

Waya huu una nini ndani?

Waya wa antena, yaani wa koaksia, una tabaka nne. Katikati kuna waya wa shaba au nyuzi kadhaa zilizosokotwa. Juu yake kuna plastiki ya kutenganisha, kisha wavu wa nyuzi za chuma, halafu ganda la nje.

Kanuni ni moja: waya wa katikati na wavu havitakiwi kugusana popote. Uzi mmoja tu wa wavu ukigusa katikati, hiyo ni shoti.

Anza na namba ya waya

Hapa ndipo wengi wanachemka. Wanaangalia tundu la kifaa tu, wanasahau kwamba konekta lazima iendane na waya pia. Namba huwa imeandikwa kwenye ganda:

- RG-174: unene wa nje kama milimita 2.8, omu 50. Upo sana kwenye antena za GPS za magari.
- RG-316: kama milimita 2.5, omu 50. Plastiki yake ya ndani ni Teflon, inavumilia joto.
- RG-58: kama milimita 5, omu 50. Hutumika sana kwenye redio za magari na boti.
- RG-59: kama milimita 6, omu 75. Huu ni wa picha, mfano kamera za ulinzi.

RG-174 na RG-316 mara nyingi hutumia konekta moja, na muuzaji huandika namba zote mbili kwenye pakiti. Lakini konekta ya RG-58 haiwezi kushika RG-174 hata ukiibana vipi. Kuzungushia waya tepu ili unenepe ni kujidanganya, kwa sababu kinachotakiwa kubanwa ni wavu, siyo ganda peke yake.

Angalia na omu. Antena za redio, GPS na ruta za 4G kwa kawaida ni 50. Kamera na televisheni ni 75.

Kisha angalia tundu la kifaa

BNC ni ile ya kusukuma na kuzungusha kidogo hadi ijifunge. Ipo kwenye kamera za ulinzi na baadhi ya redio.

SMA ni ndogo, ya kufunga kwa nati. Ipo kwenye vifaa vya GPS na ruta nyingi za 4G zenye tundu la antena ya nje.

RP-SMA inafanana sana na SMA, ila katikati imegeuzwa. Ruta nyingi za Wi-Fi hutumia hii. Kwenye SMA, upande wenye nati una pini katikati. Kwenye RP-SMA, upande wenye nati una kitundu.

Mtego ni kwamba hizi mbili zinaingiliana nyuzi vizuri kabisa. Unakaza, inakaa, lakini katikati hapagusani. Au pini mbili zinasukumana na kuharibika. Kwa hiyo chungulia katikati kabla ya kulipa.

Koleo lenye saizi sahihi

Koleo la kukrimpu lina matundu yenye pembe sita. Kila tundu lina kipimo chake:

- Pete ya RG-174 na RG-316: milimita 3.25
- Pete ya RG-58: milimita 5.41
- Pete ya RG-59: milimita 6.48
- Pini ya BNC ya RG-58: milimita 1.73

Makoleo mengine yameandikwa kwa inchi: .128, .213, .255 na .068 kwa mpangilio huohuo.

Chagua lile lenye meno yasiyoachia mpaka ubane hadi mwisho. Linakulazimisha kumaliza kazi.

Hatua za kufunga

1. Vesha pete kwanza. Ingiza pete ya kubana kwenye waya kabla ya kitu kingine chochote. Ukisahau, utaanza upya.

2. Menya kwa vipimo vya konekta hiyo. Urefu wa kumenya hutofautiana. Fuata mchoro wa mtengenezaji. Kama haupo, pima kwa kulinganisha na konekta yenyewe.

3. Usikwaruze ndani. RG-174 ina nyuzi 7 nyembamba katikati. Wembe ukikata hata mbili, waya umeshadhoofika. Ikitokea, kata hapo na uanze tena.

4. Weka pini. Nyingine zinabanwa, nyingine zinalehemiwa. Ukilehemu RG-174, fanya haraka, maana plastiki yake inayeyuka na waya wa katikati unaweza kuhama.

5. Tanua wavu, ingiza konekta. Mkia wa konekta unapita kati ya plastiki ya ndani na wavu. Wavu wote ubaki nje ya mkia.

6. Sogeza pete juu ya wavu, ubane. Punguza nyuzi zinazochomoza. Bana hadi koleo liachie lenyewe.

7. Vuta kidogo. Konekta haitakiwi kusogea wala kuzunguka kwenye waya.

Pima kabla ya kuwasha

Chomoa waya pande zote mbili, antena na kifaa. Antena nyingine zina shoti ya makusudi ndani yake, zitakuchanganya.

Weka mita kwenye mlio:

- Pini kwa pini, upande hadi upande: ilie.
- Ganda la konekta kwa ganda: ilie.
- Pini kwa ganda: isilie.

Tikisa waya karibu na konekta wakati unapima. Mlio ukikatika-katika, rudia.

Usiruke hatua hii. Antena nyingi za GPS hupata umeme wa volti 3 hadi 5 kupitia waya huohuo, hivyo shoti inaweza kuua kifaa. Na redio inayorusha mawimbi kwenye waya uliokatika au wenye shoti inaweza kuunguza sehemu yake ya kurushia.

Usirefushe bila sababu

Waya mwembamba ni rahisi kupitisha kwenye dashibodi, lakini unakula nguvu. Kwenye mawimbi ya gigahezi 1, RG-174 hupoteza takribani desibeli 1 kwa kila mita. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Yaani mita 3 tu, nusu imekwenda, na kwenye mawimbi ya juu zaidi, kama ya Wi-Fi, hasara inazidi.

Kama antena ipo juu ya paa na kifaa kipo sebuleni, tumia waya mnene kwa safari ndefu, na mwembamba kwa kipande kifupi cha mwisho.

Kwa konekta ya nje

Kukrimpu hakuzuii maji. Yakiingia, yanafuata wavu ndani ya waya, na hapo konekta mpya haisaidii, itabidi kukata kipande kizima. Funika kwa mpira unaonywea kwa joto, au tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Kisha acha waya uning'inie kidogo chini ya konekta, ili tone la mvua lidondokee hapo badala ya kuingia ndani.